Mzee kanunua "Seti ya Urithi wa Mjerumani" kupitia TV kwa 1,480,000. Wajuzi njooni mniambie kama kapigwa

Mwana wa Ipagala (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu! Wasio Wagogo, habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Naandika nikiwa sebuleni kwa mzee wangu hapa Ipagala, Dodoma. Yeye kaenda swala ya isha, ndiyo nimepata upenyo. Mzee kastaafu, kiinua mgongo alilipwa, kajenga vyumba viwili vya kupangisha na kilichobaki anakilinda kama kuku mwenye vifaranga. Hanywi, habeti, bodaboda anapatana naye mpaka kijana wa watu anachoka. Mtu huyo huyo wiki mbili zilizopita kaangalia kipindi cha mauzo kwenye TV, kapiga namba iliyokuwa inapita chini ya kioo, wakamhamishia WhatsApp, na kesho yake saa nne asubuhi alikuwa ameshatuma shilingi 1,480,000. Sisi watoto tumejua siku ya kwenda kupokea kifurushi stendi ya Nanenane.

Ndani kuna kisanduku cha kitambaa chekundu laini na sarafu sita. Moja kubwa nyeupe ya mwaka 1780 ina mama mnene kajifunika mtandio. Moja ina mzungu wa masharubu kavaa kofia ya chuma, imeandikwa Deutsch Ostafrika 1905. Moja ya njano inang'aa balaa, ina tembo na milima, 15 Rupien, 1916. Nyingine imechakaa, 20 Heller, 1916. Halafu senti 10 yenye tundu ya 1936, na shilingi moja ya Nyerere ya 1966.

Juu yake kuna "Cheti cha Uhalisi" chenye muhuri wa kumetameta na namba 0417/5000. Walimwambia bei yake ni 2,900,000 ila kwa usiku ule tu imeshuka, na zimebaki seti kumi na mbili. Mzee anasema ni akiba, dhahabu haiozi. Mimi roho inanisuta. Kapigwa au hajapigwa? Naombeni majibu ya maana, matusi kwa mzee wangu hapana.

Kitochi

Naweka kambi hapa nisubiri wajuzi.

Zabibu Chungu

Kapigwa. Uzi ufungwe.

Binti Mpwapwa

@Zabibu Chungu acha hizo, mwenzio kaomba majibu ya maana. Mleta uzi, tuwekee picha pande zote mbili, na kama una mzani tupe uzito. Bila uzito hapa tutapiga ramli.

Mzani Hauongopi

Shikamoo kwa mzee, kijana wangu. Mimi ni sonara, kazi hii nimeifanya Singida na sasa nipo hapa mjini. Sarafu si fani yangu kuu ila wanaoniletea "mali za Mjerumani" wananifikia kila mwezi, kwa hiyo nimelazimika kujifunza.

Nianze na hiyo ya tembo maana ndiyo imebeba bei ya kisanduku chote. Sarafu hiyo kweli ipo kwenye historia, na historia yake ni ya huku kwetu. Vita ya Kwanza ilipomfungia Mjerumani bahari, pesa kutoka Ulaya hazikuingia tena. Akachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, akaipeleka karakana ya reli Tabora, wakagonga sarafu ya rupia 15 yenye tembo. Ni mwaka 1916 tu, na hazikuzidi sana elfu kumi na sita. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaingia Tabora, mchezo ukaishia hapo.

Halisi ina gramu 7.168 na dhahabu yake ni sehemu 750 kwa 1,000, yaani karati 18. Kwenye minada ya Ulaya na Marekani inauzwa maelfu ya dola. Sasa piga hesabu mwenyewe. Kama ya mzee ni halisi, hiyo moja peke yake inapita 1,480,000 kwa mbali. Nani atakuwekea humo na kukuongezea tano za bure, tena kwenye TV, tena akiwa nazo seti 5,000 wakati zilizogongwa zote hazifiki 17,000 na nyingine ziliyeyushwa zamani? Ni ghali mno kwa ya bandia, na ni rahisi mno kwa ya kweli. Ukikuta bei imekaa katikati hivyo, ujue aliyeipanga alikuwa anapima mfuko wako. Sarafu hakuipima.

Usiipeleke kwa mtu kuisugua wala kuichoma tindikali kwanza. Lete tupime uzito, sumaku na maji.

Kijana wa Nkuhungu

Wakuu, mimi ninayo rupia ya Mjerumani ORIJINO kabisa, ukiiweka karibu na mchele punje zinaisogelea, kibiriti hakiwaki. Mteja mwenye nia aje PM, wababaishaji wakae mbali.

Zabibu Chungu

Hahaha, uzi wa kutapeliwa na tapeli kaja kupiga kura.

Binti Mpwapwa

@Kijana wa Nkuhungu mchele wa kwangu unasogelea sufuria tu. Peleka huko.

Mzani Hauongopi

Mdogo wangu wa Nkuhungu, sikutukani, lakini hakuna madini yanayovuta mchele. Nimeshaletewa moja ya hizo "za nguvu". Punje zilikuwa na chuma ndani na sarafu ilikuwa na sumaku. Aliyeileta alikuwa ameuza ng'ombe watatu.

Msafiri wa Manyoni

Nilikaa Marekani miaka kadhaa kwa ndugu yangu, kule biashara hii ni ya kila usiku. Mtangazaji anashika sarafu kwa glovu nyeupe, saa inahesabu kurudi nyuma pembeni ya kioo, simu "zinamiminika". Maneno ni yale yale aliyoambiwa mzee.

Iko moja ilitangazwa sana kwenye TV, nakala ya sarafu yao ya dhahabu yenye nyati. Tangazo lilisema wazi ina miligramu 31 za dhahabu ya karati 24. Watu wanasikia "31" na "karati 24", akili inakimbilia wakia moja, maana wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Kumbe miligramu 31 ni gramu 0.031. Gramu moja ya dhahabu inachovya sarafu thelathini na mbili! Hakuna aliyedanganya, tangazo lilisema kweli, ila lilisemwa ili usikie kingine.

Nyingine ya 2004, ile waliyoiita dola ya fedha ya kumbukumbu ya majengo yaliyoanguka New York. Ikatangazwa kuwa ni pesa halali ya Northern Mariana Islands na kwamba imetengenezwa kwa fedha iliyookolewa kwenye kifusi. Visiwa vile viko chini ya Marekani na havina mamlaka ya kutoa pesa yake, na sarafu yenyewe ilikuwa ya kuchovya. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York wakati huo, Eliot Spitzer, akaenda mahakamani na uuzaji ukasimamishwa. Nimeitaja hiyo ili mzee asijione mjinga. Waliosoma na walioendelea wananunua vilevile.

Mwana wa Ipagala

Asanteni sana wakuu. @Mzani Hauongopi shikamoo mzee wangu, nimekutumia ujumbe, kesho tunakuja na mzee. Nimemdanganya kwamba tunaenda kuzithaminisha kwa ajili ya bima.

Swali kwa @Msafiri wa Manyoni: kwenye cheti chetu wameandika "imefunikwa kwa dhahabu safi ya karati 24". Kwa hiyo neno la kuangalia hapo ni "imefunikwa"?

Msafiri wa Manyoni

Ndilo hilo. Imefunikwa, imepakwa, imechovywa, "toleo la heshima", "kwa mtindo wa", "mfano wa". Karati hapo inasema usafi wa ile rangi ya juu. Ukichovya kijiko cha bati kwenye dhahabu ya karati 24, cheti kinaweza kuandikwa hivyo hivyo na kisiwe na uongo hata neno moja.

Mpenda Mwenge

Naomba niwe upande wa pili kidogo, maana naona uzi unaenda kana kwamba kila muuza sarafu ni mwizi.

Mimi nakusanya sarafu miaka kumi na tano sasa. Nina senti zote za 1966: senti 5 ya samaki, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura, na shilingi ya mwenge (hiyo hiyo ya Nyerere). Nina shilingi 5 ya 1971 yenye pembe kumi. Hakuna hata moja ya kunitajirisha. Nanunua kwa sababu naipenda, na mara nyingine nalipa zaidi ya thamani kwa sababu muuzaji ni mzee wa watu kanisimulia vizuri. Bei ni makubaliano. Kama mzee alijua anachonunua na kakifurahia, kosa liko wapi?

Zabibu Chungu

Kosa liko 1,480,000 mkuu.

Mpenda Mwenge

Sawa, lakini alijua au hakujua? Ndiyo hoja yangu.

Mzani Hauongopi

@Mpenda Mwenge nakubaliana nawe nusu. Kulipa kwa mapenzi si kosa. Ila huyu hakuuziwa mapenzi, aliuziwa akiba. Akiba ina swali lake moja nalo ni hili: wewe unayeniuzia leo, kesho asubuhi nikikurudishia utaninunulia kwa shilingi ngapi? Mimi nikikuuzia pete ya dhahabu, nakwambia kabla hujatoka dukani nitakata kiasi gani ukiirudisha. Inauma, lakini ni namba. Muuzaji asiyekuwa na namba hiyo anakuuzia pambo.

Mama Wawili Kisasa

Jamani na mimi nina swali. Naona huko mtandaoni sarafu ya 1936 yenye tundu watu wanaandika milioni tatu, nne. Marehemu bibi aliniachia tatu, nimezifunga kwenye leso chini ya godoro. Ni kweli?

Mpenda Mwenge

Dada yangu, zitoe tu chini ya godoro ulale vizuri.

Kisa chake ni hiki. Mwaka 1936 Edward VIII alikuwa mfalme wa Uingereza, Desemba akaachia kiti kwa ajili ya mwanamke. Hakukaa hata mwaka, kwa hiyo Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuingia sokoni, na chache zilizopo ni mali kubwa. Wauzaji wanachukua sifa hiyo na kuivisha senti 10 ya Afrika Mashariki. Lakini sarafu za tundu hazina sura ya mfalme, zina jina tu, kwa hiyo ziliwahi kugongwa kabla hajaondoka, tena kwa mamilioni. Nyingine zina herufi H au KN chini, ni alama za viwanda vilivyozigonga. Ni sarafu nzuri yenye kisa kizuri, na bei yake ni ya soda.

Hao wa milioni nne ni bei ya KUOMBA. Mtu yeyote anaweza kuomba. Mimi naweza kuandika kandambili zangu milioni nane. Ukiingia kwenye eBay kuna mahali pa kuchuja uone zilizokwisha kuuzwa, na hapo ndipo utaona watu walitoa ngapi kweli. Na katalogi ya Numista ni bure, unaandika nchi na mwaka, unapata uzito, madini na idadi zilizogongwa. Dakika tano tu, kabla hujatuma hela.

Mama Wawili Kisasa

Aah. Basi nimepumua na nimesikitika kwa pamoja. Asante kaka.

Kitochi

Kambi bado ipo. Mrejesho wa sonara vipi?

Mwana wa Ipagala

Wakuu, mrejesho. Samahani nimechelewa, nyumbani kulikuwa kizito.

Tulienda kwa @Mzani Hauongopi saa tatu. Mzee kabeba kisanduku kwenye mfuko wa Rambo, kakikumbatia njia nzima kwenye daladala. Tulipofika, sonara hakusema neno baya hata moja, akamwagizia mzee kahawa, akamuuliza habari za Iramba. Kumbe mzee wangu ana habari za Iramba! Baba wa babu yake alichimba Sekenke enzi za Mjerumani. Miaka yote hii sijawahi kuisikia hiyo. Mzee alisema alipoona tembo kwenye TV na yule dada akataja Sekenke, mkono ulienda wenyewe kwenye simu.

Halafu vipimo. Sonara ana mzani mdogo unaosoma mpaka gramu 0.01. Aliweka kikombe cha maji juu yake, akausawazisha usome sifuri, akafunga sarafu kwa uzi na kuizamisha bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Unachukua uzito wa sarafu ikiwa kavu unagawa kwa namba hiyo. Fedha safi inatoa kama 10.5, dhahabu safi 19.3, na shaba karibu 9.

Ya tembo: gramu 4.90 badala ya 7.168. Kwenye maji 0.57. Jibu 8.6. Sonara akamgeuzia mzee kioo cha mzani asome mwenyewe. Shaba ya njano iliyochovywa.

Rupia ya kofia ilirukia sumaku kabla hata haijafika mezani. Sonara alisema rupia ya kweli ina gramu 11.66 za fedha, sehemu 917 kwa 1,000, na sumaku haiwezi kuigusa. Hii ni chuma.

20 Heller ni halisi, ile ya Tabora yenye T ndogo. Mzee uso ukanyanyuka. Lakini hizo ziligongwa zaidi ya milioni moja kwa shaba za kuokoteza vitani, zinapatikana, na hii imelika mpaka taji halionekani vizuri. Senti ya tundu na shilingi ya Nyerere mmeshazieleza.

Mama mnene ndiye katushangaza. Gramu 28.0, kwenye maji 2.74, jibu 10.2. Fedha kweli!

Msafiri wa Manyoni

1780 halisi? Basi mzee kaokota!

Mzani Hauongopi

Taratibu mkuu. Huyo ni Maria Theresa, malkia wa Austria aliyekufa 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu waliipenda sana sarafu yake, wakakataa nyingine, ikabidi viwanda viendelee kuigonga kwa mwaka ule ule wa 1780 hata baada ya miaka mia na zaidi. Vienna wanaigonga mpaka leo. Babu zetu wa pwani na Unguja waliiita riale. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa haukwambii chochote kuhusu umri wake.

Fedha iliyomo ni kama gramu 23.4, maana ni sehemu 833 kwa 1,000. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo, hapo una thamani yake, na uzuri wake ni kwamba kuna mtu atakupa hela hiyo. Nilimpigia mzee hesabu ya kisanduku chote kwa bei ambayo mimi ningenunua. Haikufika robo ya alichotoa, na karibu yote ilikuwa ya huyo mama.

Kingine ambacho mleta uzi hakukisema: mzee alikuwa ameisugua ile heller kwa jivu na ndimu kabla ya kuja, ili ing'ae. Wakuu, msisugue sarafu. Mkusanyaji anapenda ile rangi ya uzee, ukiiondoa umeondoa na hela.

Mwana wa Ipagala

Nilimfichia aibu mzee wangu, wewe umeitoa 😂

Wakili wa Area D

Nimesoma uzi wote. Mambo machache.

Cheti alichoandika muuzaji mwenyewe ni tangazo lililokunjwa vizuri. Vyeti vinavyoheshimika kwenye sarafu ni vya kampuni za upimaji zisizouza sarafu hiyo, kama PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, zote za Marekani. Wanaipa sarafu alama kati ya 1 na 70 na kuifungia kwenye kasha la plastiki lenye namba, namba hiyo unaikagua kwenye tovuti yao. Na hata makasha yanaigizwa, kwa hiyo linganisha picha ya kwenye tovuti na uliyoshika, mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Kisheria, tangazo la kupotosha linagusa Sheria ya Ushindani ya 2003 na mlalamikaji anaweza kwenda Tume ya Ushindani. Kilichorushwa kwenye TV kinawahusu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pia. Kama ni udanganyifu wa wazi, polisi. Namba za simu za matapeli zinaripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Hifadhi kila kitu: meseji ya muamala, mazungumzo ya WhatsApp, picha za tangazo, kisanduku, hata karatasi ya basi. Usifute chochote kwa hasira.

Angalizo kwa wale wanaotaka kuuza: sarafu za kale sana, mfano zile za masultani wa Kilwa, si za kuchezea. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Ukichimbua shambani ukaanza kutafuta mzungu wa kumuuzia, unaweza kujikuta wewe ndiye mtuhumiwa.

Kijana wa Nkuhungu

Kwa hiyo yangu niipeleke BoT, Benki Kuu? Makao makuu si yapo hapa hapa.

Zabibu Chungu

BoT imefunguliwa Juni 1966 mkuu, deni la Mjerumani uwadai Wajerumani.

Binti Mpwapwa

@Mwana wa Ipagala na wauzaji je? Mliwapigia?

Mwana wa Ipagala

Hapo ndipo mzee kanifurahisha.

Nilitaka nipige mimi niwachambe. Mzee akakataa, akasema "nipe simu, mimi ndiye niliyenunua." Akapiga, kaweka sauti ya juu. Dada wa huko akapokea kwa bashasha, "baba yetu, umefurahia seti?" Mzee akamwambia ameifurahia sana, ila amepata msiba, anataka kuirudisha, wao wataichukua kwa shilingi ngapi? Hakutaja feki, hakutaja sonara.

Kimya. Dada akasema hawana utaratibu wa kununua, wao wanauza tu. Mzee akasema, basi hata nusu. Hapana. Robo? Hapana baba. Mzee akamuuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, juzi uliniambia itapanda bei. Sasa mbona ninyi wenyewe hamuitaki?" Dada akasema ngoja amuunganishe na msimamizi. Msimamizi alipokuja akaanza kumuuzia seti ya pili, marais wa Afrika, kwa punguzo la nusu kwa sababu mzee sasa ni "mteja wa dhahabu".

Nilishuhudia mzee wangu akikata simu bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Mpenda Mwenge

Nafuta nilichosema juu. Hapo hakuna makubaliano.

Msafiri wa Manyoni

Na jina lake sasa lipo kwenye orodha yao. Aliyenunua mara moja ndiye anayepigiwa zaidi, na orodha hizo zinauzwa. Mwambie asipokee namba mpya mwezi mzima.

Mwana wa Ipagala

Zimeshaanza. Tatu jana.

Tumefungua malalamiko kama @Wakili wa Area D alivyoelekeza, vielelezo vyote tumepeleka, tumepewa namba ya jalada. Hela sijui kama itarudi, nitaleta mrejesho ikitokea. Sarafu ya tembo mzee kagoma kuitupa. Ameiweka kabatini karibu na picha ya babu, anasema ni shaba lakini tembo ni wa Sekenke. Riale kamwachia mama.

Jumamosi tulikwenda mnada wa Msalato kutafuta mbuzi wa akika. Pembeni ya wachoma nyama kuna kijana katandika gunia, ana betri za redio, funguo, na sarafu kwenye kopo la Blue Band. Mzee akachuchumaa. Kijana akamwonyesha senti ya tundu, "hii mzee 1936, mfalme alikimbia, laki mbili." Mzee akaigeuza, akasoma herufi ya chini, akasema "KN". Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa sumaku ya spika mbovu aliyoing'oa kwenye redio yetu ya zamani.

Ameinunua kwa mia tano.